Ufunguo Ndani ya Pipa

Katika sehemu ya pili ya Don Quixote, iliyotoka mwaka 1615, Sancho Panza anajisifu kwamba ukoo wao una ndimi zisizodanganyika. Anasimulia habari za ndugu zake wawili wa upande wa baba, walioitwa kuonja divai ya pipa moja na kutoa hukumu. Wa kwanza aligusisha tone kwenye ncha ya ulimi, akasema ina ladha ya chuma. Wa pili hakunywa kabisa, alinusa tu, akasema ina harufu ya ngozi. Mwenye divai akaapa kwamba pipa lake ni safi. Siku zikapita, divai ikauzwa, pipa likasafishwa, na chini kabisa kukakutwa ufunguo mdogo uliofungwa kwenye kamba ya ngozi.

Mwanafalsafa David Hume aliipenda hadithi hii. Mwaka 1757 aliitumia katika insha yake juu ya kigezo cha ladha, kuonyesha kwamba ulimi unaweza kugundua jambo la kweli hata kama watu wazima wanakaa wanacheka. Na sisi tunacheka kweli. Mtu akituambia divai inanukia tumbaku, ngozi, na udongo ulionyeshewa, tunamwangalia tukijiuliza kama hizo si mbwembwe tu za watu wenye pesa.

Mimi nakubaliana na Hume, ila kazi yangu ya uandishi wa habari inanipa swali lingine. Ufunguo uliingiaje ndani ya pipa? Nani aliuangusha? Hebu tuchukue divai moja tu, nyekundu, iliyokomaa, ya mtindo wa kale wa Rioja kaskazini mwa Hispania, tuimimine mpaka tuone kuna nini chini.

Chupa niliyoionja ilikuwa Viña Tondonia Reserva ya mwaka 2005, kazi ya bodega ya López de Heredia katika mji wa Haro. Bodega ni nyumba ya kutengenezea na kuhifadhia divai. Aliyeifungua ni rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi Bilbao na ambaye tangu hapo hana simile na mtu anayekunywa haraka haraka. Aliimimina polepole kama mtu anayemimina mafuta ya taa kwenye chupa ndogo, ili mashapo yabaki chini.

"Dada, usiiguse kwanza. Iache ivute pumzi nusu saa."

"Imengoja karibu miaka 20, na bado inataka nusu saa?"

"Ndiyo maana inataka. Hata wewe ukifungiwa miaka 20 utatoka unapepesa macho."

Basi nikaanza na macho. Divai changa nyekundu huwa na rangi ya zambarau. Hii ilikuwa na wekundu wa tofali la kuchoma, na pembezoni mwa glasi ilikuwa imeshaingia rangi ya chai ya rangi. Harufu ya kwanza ilikuwa ya kabati la zamani lenye nguo za bibi. Baada ya muda zikaja nyingine: ganda kavu la chungwa, tumbaku, ngozi ya viatu, na kwa mbali kabisa, wallahi, nazi. Mdomoni ilikuwa nyepesi kuliko nilivyotarajia. Uchachu wake ulikuwa hai, wa ukwaju, na ule ukakasi unaokausha ulimi kama ndizi mbichi ulikuwa umelainika hadi kubaki mguso tu. Utamu wa tunda ulikuwapo, lakini tunda lenyewe lilikuwa limekauka, kama tende. Na baada ya kumeza, ladha haikuondoka. Ilikaa, ikageuka, ikakaa tena.

Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina sababu yake, na sababu zinaanzia shambani. Sehemu kubwa ya divai hii ni zabibu ya Tempranillo, jina linalotokana na neno la Kihispania la "mapema," kwa kuwa huiva kabla ya nyingine. Huchanganywa na Garnacha, halafu Graciano na Mazuelo kidogo. Ule uchachu wa ukwaju unatokana na zabibu zenyewe pamoja na baridi ya nyanda za juu kando ya mto Ebro.

Nazi inatokana na mti. Mapipa ya jadi ya Rioja hutengenezwa kwa mwaloni wa Marekani, na mwaloni huo una kemikali yenye harufu inayofanana na ya nazi, nyingi kuliko mwaloni wa Ufaransa. Pipa moja hubeba lita 225. Divai ya Reserva hii hukaa humo miaka 6, wakati sheria ya Rioja kwa daraja la Reserva inataka miaka 3 kwa jumla, na mmoja tu kati yake uwe ndani ya pipa. Hata daraja la juu kabisa, Gran Reserva, kisheria linataka miaka 5, miwili kwenye mwaloni na miwili kwenye chupa. López de Heredia huiweka Gran Reserva yao kwenye mapipa kwa takribani miaka 10.

Kwa miaka yote hiyo hawaiachi tu ilale. Mara mbili kwa mwaka divai huhamishwa kutoka pipa hadi pipa ili iachane na mashapo yake. Kwa desturi kazi hiyo hufanyika kwa mwanga wa mshumaa: fundi anatazama divai inavyopita mbele ya mwali, na ikianza kuwa na ukungu tu, anafunga. Kabla ya kutiwa kwenye chupa husafishwa kwa ute mweupe wa mayai, unaoshika chembe za ukakasi na kuzama nazo. Mbao za pipa hupitisha hewa kidogo sana, na hewa hiyo ndiyo inayobadilisha zambarau kuwa tofali. Mapipa yenyewe ni makuukuu, yanatengenezwa na kukarabatiwa na mafundi wa bodega hiyohiyo, na kwa kuwa yameshatumika sana hayaipi divai ladha kali ya mbao. Chini ya ardhi, kwenye mahandaki, kuta zimefunikwa na kuvu, na utando wa buibui unaning'inia kila mahali. Hawautoi. Buibui hula nondo, na nondo ndio wanaotoboa vizibo.

Ukisoma hayo utasema: hii ndiyo asili yenyewe, mambo ya mababu. Kumbe hapo ndipo hadithi inapogeuka.

Divai ya Rioja ni ya kale, hilo halina ubishi. Huko ndiko kwenye monasteri za San Millán, ambako watawa waliandika pembezoni mwa kitabu cha Kilatini baadhi ya maneno ya mwanzo kabisa kuandikwa kwa Kikastilia. Mshairi Gonzalo de Berceo, aliyeishi huko katika karne ya 13, aliona kazi yake ya ushairi inastahili ujira wa glasi ya divai nzuri. Ila divai aliyoitaka Berceo si hii ya kwangu. Kwa karne nyingi divai ya Rioja ilinywewa changa, ikabebwa kwenye viriba vya ngozi ya mbuzi vilivyopakwa lami ya mti, na mara nyingi ilikuwa imeharibika kabla ya mavuno mengine kufika. Haikuweza kwenda mbali. Mkulima aliyevuna sana mwaka huu alilazimika kumwaga ya mwaka jana ili apate nafasi.

Wa kwanza kujaribu kubadili mambo alikuwa padri, Manuel Quintano wa Labastida. Katika miaka ya 1780 alikwenda Bordeaux, akajifunza jinsi Wafaransa wanavyotumia mapipa, akarudi kufanya hivyohivyo nyumbani. Divai yake iliyosafirishwa hadi Havana ilifika ikiwa nzima. Ungedhani angeshangiliwa. Lakini desturi ya pale ilikuwa divai yote iuzwe kwa bei moja, na Quintano, mwenye gharama za mapipa, alitaka bei ya juu zaidi. Wenzake wakamshtaki, mamlaka zikawa upande wao, na mwanzoni mwa karne ya 19 jaribio likafa. Walimzuia kwa jina la desturi. Njia ambayo leo tunaiita ya jadi iliwahi kupigwa marufuku kwa sababu haikuwa ya jadi.

Ilibidi ingoje nusu karne. Luciano de Murrieta alizaliwa Peru, akawa askari msaidizi wa Jenerali Espartero, akaishi naye uhamishoni London, na huko akaona divai gani zinaheshimiwa mezani. Alisoma Bordeaux, na mwaka 1852 akatengeneza divai ya mapipa katika bodega ya Espartero mjini Logroño. Miaka michache baadaye Camilo Hurtado de Amézaga, aliyekuja kuwa Marqués de Riscal, akafuata njia hiyo. Mwaka 1862 serikali ya mkoa wa Álava ikamleta mtaalamu kutoka Bordeaux, Jean Pineau, awafundishe wakulima. Wengi waliona mapipa ni ghali, na kusubiri ni kupoteza pesa. Mpango ulipokwisha, Riscal akamwajiri Pineau yeye mwenyewe.

Sasa turudi kwa Murrieta. Divai yake ya 1852 alituma wapi? Havana, kama Quintano kabla yake. Na hapa mimi, kama msomaji wa Kiafrika, siwezi kupita haraka.

Havana ya 1852 ilikuwa mji tajiri, na utajiri huo ulikuwa sukari. Sukari ililimwa na watu waliotekwa Afrika. Hispania ilikuwa imeshasaini mkataba wa kuacha biashara ya watumwa mwaka 1817, lakini meli ziliendelea kuwashusha watu Cuba kwa siri hadi miaka ya 1860, na utumwa wenyewe haukufutwa kisiwani mpaka 1886. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo. Lakini wapo waliotolewa upande wetu wa bahari, kwenye pwani ya Msumbiji, na huko Cuba waliitwa Macuá, yaani Wamakua. Wajukuu wa ndugu zao wako Msumbiji mpaka leo, na wengine wako kwetu, Mtwara na Masasi.

Sijui ni nani aliyefungua pipa la Murrieta Havana, na sihitaji kumjua. Najua ni uchumi gani uliompa mtu wa Havana uwezo wa kununua divai ya gharama kutoka ng'ambo ya Atlantiki, na najua kwamba pipa lilihitajika kwa sababu safari ilikuwa ndefu, na safari ilistahili kwa sababu mnunuzi alikuwa na fedha. Ndugu wa Sancho waliuonja ufunguo. Mimi nilipojua habari hii nilirudi kwenye ile ladha isiyoondoka baada ya kumeza, nikaona hata hilo ni sehemu ya kuonja. Divai haiwi mbaya kwa sababu hiyo. Inakuwa nzito.

Msukumo wa pili ulitoka Ufaransa, nao uliletwa na mdudu. Katika miaka ya 1860 filoksera, mdudu mdogo anayenyonya mizizi ya mzabibu, aliingia Ufaransa pamoja na miche kutoka Amerika na kuanza kuua mashamba. Wafanyabiashara wa Bordeaux wakavuka milima kutafuta divai. Reli iliyounganisha Haro na bandari ya Bilbao ilifika wakati huohuo, miaka ya 1860, na mwaka 1882 mkataba wa biashara ukapunguza ushuru wa divai ya Hispania kuingia Ufaransa. Haro ikalipuka kwa pesa. Bodega zikajengwa zikizunguka stesheni, moja baada ya nyingine: López de Heredia mwaka 1877, CVNE mwaka 1879, La Rioja Alta mwaka 1890. Mwaka huohuo wa 1890 Haro ikawa miongoni mwa miji ya mwanzo ya Hispania kuwa na taa za umeme mitaani. Mpaka leo kitongoji hicho kinaitwa Barrio de la Estación, mtaa wa stesheni, na huenda hakuna mahali pengine duniani penye bodega nyingi za zaidi ya karne moja zilizobanana hivyo.

Rafael López de Heredia, aliyeanzisha bodega ya chupa yangu, alizaliwa Chile. Murrieta, Peru. Mwaloni, Marekani. Soko la kwanza, Cuba. Mdudu aliyewaletea neema, Amerika. Nilipokuwa nikiandika orodha hii kwenye daftari nilijikuta nacheka peke yangu: divai ya Kihispania kuliko zote, ukiichambua, nusu yake imevuka bahari, na ufundi wake ni wa Mfaransa.

Neema haikudumu. Mkataba na Ufaransa ulikwisha mwaka 1892, baada ya Wafaransa kujifunza kupandikiza mizabibu yao kwenye mashina ya Kiamerika ambayo filoksera haiyaui. Mwaka 1898 Hispania ikaipoteza Cuba vitani. Na mwaka 1899 mdudu yuleyule akaonekana Rioja. Kilichowatajirisha kwa majirani kikaja kuwafilisi kwao. Watu wengi waliacha mashamba wakahama, wengine wakavuka bahari kwenda Amerika.

López de Heredia hakuhama. Mwaka 1913 na 1914, wakati wengine bado wanahesabu hasara, alipanda shamba jipya la zaidi ya hekta 100 kwenye kona ya mto Ebro, mizabibu ikiwa imepandikizwa kwenye mashina ya Kiamerika. Aliliita Tondonia. Mtu anayepanda shamba kama hilo kwa ajili ya divai inayokaa miaka 10 kwenye pipa hajipandii mwenyewe.

Wajukuu na vitukuu ndio waliokutana na mtihani mwingine, mgumu kwa namna yake kwa kuwa haukuja na njaa wala mdudu. Ulikuwa wa fasheni. Kuanzia miaka ya 1980, na hasa ya 1990, wahakiki wenye nguvu, Mmarekani Robert Parker akiwa maarufu kuliko wote, walisifu divai nyeusi, nzito, zenye kilevi kikubwa na harufu ya mwaloni mpya. Bodega nyingi za Rioja zikafupisha muda wa pipa, zikanunua mwaloni wa Ufaransa, zikatafuta wino badala ya tofali. Divai kama ya Tondonia ikaonekana kizee: imefifia, imechoka, inanukia kabati. Siwalaumu waliobadilika. Divai yenye miaka 6 kwenye pipa ni pesa iliyolala miaka 6, na kampuni ina mishahara ya kulipa kila mwezi.

Lakini wachache hawakubadilika, na upepo ukageuka. Leo divai hizo za kizee zinagombaniwa, na bei yake imepanda kiasi kwamba watu wa kawaida, hata wa Rioja kwenyewe, wanaziona kwenye picha. Kizazi cha nne cha familia ndicho kinachoongoza bodega sasa. Na walipotaka kujenga duka la kupokelea wageni walimwita Zaha Hadid, mbunifu wa majengo aliyezaliwa Baghdad, awatengenezee banda la chuma linalong'aa mbele ya majengo ya babu. Ndani yake kuna kibanda cha mbao ambacho mwanzilishi alikitengeneza kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Brussels ya mwaka 1910. Kitu cha kale ndani ya tumbo la kitu kipya. Nadhani Quintano angefurahi.

Tunapenda kusema "asili" kana kwamba ni jiwe lililokuwepo tangu kuumbwa kwa dunia. Hii ya Rioja ina tarehe ya kuzaliwa, ina baba Mfaransa, iliwahi kukataliwa na wanakijiji, ililelewa na pesa zenye damu na kuokolewa na msiba wa jirani. Haikuwa asili siku ilipoanza. Imekuwa asili kwa sababu kuna watu waliendelea kuifanya kila mwaka, mshumaa kwa mshumaa, hata wakati ilipowatia hasara na kuchekwa.

Nasi tumo humo kidogo, kwenye maneno. Neno mvinyo tulilipata kwa Wareno, majirani wa Wahispania, wanaosema vinho. Hata pipa ni neno lao. Walikuja nayo pwani yetu kwa meli baada ya 1498, pamoja na mizinga. Wareno waliondoka, maneno yakabaki, na leo hakuna Mswahili anayesikia ugeni ukisemwa pipa la maji.

Mashapo yalibaki chini ya chupa yangu, kama vijiko viwili hivi, meusi, yenye chembechembe. Rafiki yangu alitaka kuyamwaga. Nikamwambia ayamimine kwenye glasi yangu. Yalikuwa machungu na yenye mchanga, hayafai kunywewa. Niliyaonja yote.